Dau la Barafu na Desturi Nyingine za Bremen

Bremen ni mji wa bandari ulio kando ya mto Weser, kaskazini mwa Ujerumani, na mengi ya maisha yake ya kijamii huchangamka wakati wa baridi. Desturi mashuhuri zaidi ni dau la barafu. Lilianza mwaka 1829, wafanyabiashara walipowekeana dau kama mto utaganda au la. Aliyeshindwa aliwalipia wenzake karamu. Suala lenyewe lilikuwa zito, kwani mto ukiganda meli zilikwama na biashara ikasimama.

Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi Ludwig Franzius alisimamia kazi ya kunyoosha mto na kuongeza kina chake, na tangu hapo barafu imekuwa adimu. Dau halikufa. Kila tarehe 6 Januari, saa 6 mchana, watu hufurika ukingoni kumtazama fundi cherehani mwenye uzito wa ratili 99, yaani pungufu kidogo ya kilo 50, akiwa na pasi ya moto mkononi. Hutakiwa avuke bila kulowa miguu. Baada ya mabishano marefu mbele ya waamuzi, huvushwa kwa mashua ya waokoaji. Hapo ndipo ilipo thamani ya desturi hii: karamu inayofuata huchangisha fedha za chama cha uokoaji baharini, ambacho huendeshwa kwa michango.

Msimu huohuo, marafiki na wafanyakazi wenza hutembea mashambani wakivuta mkokoteni wa vinywaji, kila mmoja akiwa na kikombe kidogo kilichofungwa kamba shingoni. Safari huishia mkahawani, penye mboga ya jamii moja na sukuma wiki, iliyopikwa polepole pamoja na nyama ya nguruwe na Pinkel, soseji ya oti, mafuta na vitunguu. Mboga hiyo husifiwa zaidi ikishapigwa na baridi kali, maana huongezeka utamu. Kabla ya kuagana huteuliwa mfalme na malkia wa mboga, nao hubeba jukumu la kuandaa safari ya mwaka ujao.

Mwanamume anayetimiza miaka 30 bila kuoa hufagia ngazi za kanisa kuu, huku rafiki zake wakimwaga takataka upya, mpaka msichana ambusu. Wanawake husugua vitasa vya milango. Karibu na hapo kuna jiwe lenye alama ya msalaba, linalomkumbusha Gesche Gottfried, aliyekatwa kichwa mwaka 1831 kwa kuwaua watu 15 kwa sumu. Wapita njia hulitemea mate hadi leo.