Kifaa cha kutambua metali: Mambo ya kulinganisha kabla ya kununua kwa ajili ya pwani ya Cabo Delgado

Kuanzia mlango wa Mto Ruvuma hadi visiwa vya Quirimba, pwani ya kaskazini ya Msumbiji imepitiwa na fedha za mataifa mengi. Wafanyabiashara wa Kilwa, Wareno, Wahindi na Wajerumani wote walipita hapa na sarafu zao. Katika kisiwa cha Ibo, masonara walijulikana kwa kuyeyusha sarafu kuukuu na kuzigeuza kuwa vipuli na mikufu. Si ajabu basi kwamba mtu mwenye nafasi na akiba kidogo huvutiwa na kifaa cha kutambua metali, akitumaini kupitisha jioni zake ufukweni kwa namna yenye tija.

Wauzaji wa vifaa hivi husifu mambo mawili kuliko mengine: kina ambacho kifaa hufikia ardhini, na uwezo wake wa kubagua chuma ili mtumiaji asichimbe misumari. Kwa pwani hii, sifa ya kwanza humpotosha mnunuzi, na ya pili inaweza kumgharimu uhai.

Koili ya kifaa hutoa uga wa sumaku unaobadilika. Uga huo ukipenya kipande cha metali, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hurudisha uga wake kwenye koili. Jibu hilo ndilo linalogeuzwa kuwa mlio. Lakini kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, jibu hufifia upesi mno: umbali ukiongezeka mara mbili, hubaki sehemu moja tu kati ya 64. Kwa sababu hiyo, tofauti kati ya kifaa cha bei nafuu na cha bei kubwa huwa ni ya sentimita kadhaa. Sarafu moja iliyo kati ya sentimita 20 na 30 chini ya mchanga tayari ni mtihani kwa vifaa vingi. Anayeahidi pete iliyofukiwa mita tatu anauza ndoto.

Na ndoto huuzwa kweli. Vipo vijiti vyenye antena vinavyodaiwa kuelekea dhahabu kutoka umbali wa mamia ya mita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu Mwingereza James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo vilivyoitwa ADE 651, ambavyo Iraq ilivinunua kutafutia mabomu. Havikuwa na uwezo wa kutambua chochote.

Kinachostahili kulinganishwa kwanza ni jinsi kifaa kinavyovumilia chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme, hivyo mchanga uliolowa hutoa jibu linalofanana na la karatasi ya alumini au la pete nyembamba ya dhahabu. Vifaa vinavyotumia masafa ya kiwango kimoja, kama ACE 300 ya kampuni ya Marekani ya Garrett yenye kilohezi 8, hufanya kazi vizuri kwenye mchanga mkavu, ila hupiga kelele ovyo karibu na maji. Vinavyotumia masafa mengi kwa wakati mmoja hulinganisha majibu na kuondoa sehemu kubwa ya kelele hiyo. Miongoni mwake ni Equinox 900 na Vanquish za Minelab ya Australia, Legend ya Nokta ya Uturuki, na Deus II ya XP ya Ufaransa. Tofauti nyingine ni maji: Deus II huzama hadi mita 20 na Equinox 900 hadi mita 5, ilhali kwa Vanquish ni koili tu inayoweza kuloweshwa. Anayekusudia kutembea ufukweni tu hana sababu ya kulipia mita 20.

Vipo pia vifaa vya mapigo, ambavyo hurusha umeme kwa vipindi vifupi kisha husikiliza. Jibu la chumvi hufifia mapema, nacho kifaa hulipuuza. Ila havitofautishi kwa uhakika msumari na pete, hivyo mtumiaji hulazimika kuchimba kila mlio. Kwa kaskazini ya Cabo Delgado nisingemshauri mtu yeyote anayetafuta burudani kukinunua.

Muuzaji akikubali, jaribio zuri ni la wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Fukia pete ya fedha, kizibo cha soda, ndoano na kipande cha alumini kwa vina tofauti kwenye mchanga uliolowa, kisha pitisha vifaa vyote juu ya shimo lilelile. Wategua mabomu hufuata kanuni hiyohiyo. Mwongozo wa Ulaya wa kupima vifaa vyao, CWA 14747 wa mwaka 2003, unasisitiza majaribio katika udongo halisi wa eneo la kazi, kwa kuwa udongo mwekundu wenye madini ya chuma unaweza kupunguza sana uwezo wa kifaa kilichosifiwa maabara.

Sasa suala la kubagua. Chukua mfano wa Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, iliyokuwa chini ya Wajerumani tangu 1894 hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916. Mwaka huohuo Wajerumani waliokuwa wamezingirwa walifua sarafu za heller 20 huko Tabora, nyingine kwa shaba nyeupe iliyotokana na maganda ya risasi. Kwa kifaa, sarafu kama hiyo na ganda la risasi ni ndugu wa damu: namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kuwa ileile.

Hatari kubwa zaidi imo katika kile kifaa kisichokisema. Kifaa cha burudani kimetengenezwa ili kikinyamazie chuma, na chuma ndicho kilichofunika makombora na mabomu ya mizinga. Mtu anaweza kufuata mlio safi wa sarafu na kupiga jembe kando ya kombora ambalo kifaa kimeamua kulinyamazia. Mtegua mabomu hafanyi ubaguzi huo. Kwake kila mlio ni tishio hadi uchunguzwe. Hata panya buku waliofunzwa Morogoro na kutumika Msumbiji hawajali chuma hata kidogo, kwani wao hunusa baruti yenyewe.

Vita vya ukombozi vilianzia Chai, katika mkoa huu, tarehe 25 Septemba 1964, vikafuatiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika 1992. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya kutegwa ardhini Septemba 2015. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2017, wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na mabomu ya kutengenezwa kienyeji yakaanza kutegwa barabarani. Tangazo la 2015 halikuhusu mapigano hayo mapya. Kwa hiyo Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na wilaya jirani si mahali pa mchezo huu kwa sasa, hata kwa mwenye kifaa bora. Na askari anayemwona mtu akipekua mchanga kwa koili hana namna ya kujua kwamba anatafuta pete.

Sheria nayo haijakaa kimya. Sheria namba 10/88 ya Msumbiji inalinda mali za urithi wa utamaduni, na Amri namba 27/94 inataka uchimbaji wa kiakiolojia ufanywe kwa kibali na vitu vinavyookotwa kwa bahati viripotiwe. Ng'ambo ya Ruvuma, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inahesabu kuwa mabaki vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuvitafuta kunahitaji leseni. Sababu yake ilionekana Pemba mwaka 1984, zilipopatikana Mtambwe Mkuu sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, dinari zilisaidia kukadiria umri wa zile za fedha. Lau zingechukuliwa mojamoja mfukoni, zisingesimulia lolote.

Linalobaki ni fukwe za waogeleaji, kama Wimbe mjini Pemba, ambako vinavyopotea ni pete na sarafu za juzi. Hata hapo, omba kwanza ruhusa ya maandishi kwa mamlaka za wilaya, zima kipengele cha kubagua chuma, na chimba kwa mkono, taratibu, kutoka pembeni. Ukigusa kitu cha chuma cha mviringo chenye mapezi au kutu nene, usikitoe wala usikirushe majini. Rudi kwa nyayo zako zilezile, weka alama mbali nacho, wazuie watoto, kisha uwaarifu polisi.