Dai, Ushuhuda, Ushahidi na Ithibati: Istilahi Nne katika Mazungumzo ya Tiba Asili

Mtu apitaye katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, au katika magulio ya Marangu na Mwika mlimani, huona magome, mizizi na unga wa majani vikiuzwa, na aghalabu husikia tamko hili: "Dawa hii imethibitishwa." Akiuliza imethibitishwa kwa njia gani, mara hutajiwa jirani aliyepona, mara huonyeshwa cheti cha usajili, mara karatasi ya maabara. Hayo ni mambo matatu mbalimbali. Kuyaita yote kwa neno moja ni kosa la lugha ambalo laweza kumgharimu mgonjwa uhai wake. Makala haya yanakusudia kuzitenga dhana hizo kwa manufaa ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Dai ni neno lililotamkwa lakini bado halijapimwa. Jina la mwarobaini lenyewe ni dai, kwani humaanisha mti utibuo maradhi arobaini. Dai si lazima liwe uongo. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, na artemisinini katika mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi. Hata hivyo, heshima ya dawa hizo haikutokana na ukale wake, bali na kupimwa.

Ushuhuda ni maelezo ya mtu juu ya yaliyompata yeye mwenyewe. Neno hili na ushahidi yana asili moja ya Kiarabu, lakini matumizi yameyatenga. Katika makanisa ya Uchaggani mtu hutoa ushuhuda wala haombwi vipimo. Msemaji aweza kuwa mkweli kabisa, lakini ushuhuda wake hautuelezi habari za waliokunywa dawa ile ile wasipone, wala za wale ambao wangalipona bila dawa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Shuhuda za kupona zilienea upesi, lakini marehemu hawatoi ushuhuda.

Hapa hapana budi kutofautisha kupona na kupata nafuu. Mwenye virusi vya UKIMWI aliyerudiwa na hamu ya kula amepata nafuu, hajapona. Akidhani amepona, akaacha dawa za kufubaza virusi, virusi huongezeka tena mwilini.

Ushahidi katika sayansi ni matokeo ya kupima na kulinganisha. Mfano mzuri upo katika tambarare za Moshi, kusini ya mlima, penye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Wengi wangeapa kwamba penye mbu wengi pana malaria nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba penye mpunga mbu waenezao malaria walikuwa wengi zaidi, lakini uambukizaji ulikuwa mdogo kuliko katika kijiji cha jirani kisicho na umwagiliaji. Bila ulinganisho dhana ile ingaliendelea kuitwa ukweli.

Katika kupima dawa, wagonjwa hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa dawa, na kundi linganishi hupewa tiba ya kawaida, au kidonge kisicho na dawa. Mfasiri asikiite kidonge hicho "dawa bandia", kwani maneno hayo yamekwisha kuwa jina la dawa za kughushi.

Ithibati ni daraja ya juu: ushahidi wa kutosha, uliopatikana zaidi ya mara moja na kukubaliana. Usajili ni jambo jingine. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Lakini kusajiliwa kwa mganga si ithibati ya kila asemalo. Kadhalika, karatasi isemayo kwamba dawa haina sumu haisemi kwamba inatibu.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba anayeandika tangazo, barua au somo aepuke kusema "imethibitishwa" pasipo maelezo. Badala ya "Dawa hii imethibitishwa kutibu kisukari", na aandike lililo kweli: "Muuzaji anadai kwamba inatibu kisukari", au "Watumiaji kadhaa wameshuhudia kupata nafuu", au "Imepimwa maabara ikaonekana haina sumu", au "Imelinganishwa na tiba ya kawaida kwa wagonjwa kadha wa kadha". Kila sentensi ina uzito wake, na msomaji ataweza kuupima.

Kufanya hivyo si kuwadharau waganga wetu. Mganga ambaye dawa yake yatibu kweli ndiye wa kwanza kunufaika pale lugha inapotenga dai na ithibati.