"Vidonda vya Tumbo" Visivyopona

Mzee mmoja wa hapa Chanika alifika kwetu na chupa ya dawa nyeupe ya tumbo, mkanda wake wa suruali umefika tundu la mwisho. Tukamwuliza, "Mzee, dawa hii umeanza kunywa lini?" Akajibu, "Tangu Kwaresima, sista. Ni vidonda vya tumbo tu." Siku hiyo yalibaki majuma mawili kufika Noeli.

Tulipozidi kumhoji tukasikia mengine. Matonge matatu ya ugali humshibisha. Hutapika chakula cha jana. Choo chake kimekuwa cheusi kama lami, maana yake damu inavuja ndani.

Vidonda vya kweli mara nyingi huletwa na kidudu kiitwacho Helikobakta pailori, kilichogunduliwa Australia mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren. Dawa zake zipo. Lakini kidudu hicho kikikaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa chakula. Na hapa ndipo penye mtego: vidonge vya kupunguza asidi hutuliza hata maumivu ya saratani, mtu akadhani anapona, kumbe uvimbe unakua.

Mzee tulimwandikia rufaa ya Muhimbili. Aliogopa sana kipimo cha endoskopi, ambacho wagonjwa hukiita kumeza mpira. Unalala na njaa, koo linapuliziwa dawa ya ganzi, kisha unapitishwa mpira mwembamba wenye taa na kamera. Kichefuchefu kipo, tusidanganyane, lakini ni dakika chache. Daktari huchukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe maabara, kwa sababu kidonda na saratani huweza kufanana machoni. Kisha ultrasaundi au siti skani huonyesha kama ugonjwa umefika kwenye ini.

Upasuaji huu si mgeni. Theodor Billroth aliufanya kwa mafanikio huko Vienna mwaka 1881. Hukatwa sehemu ya mfuko, au mfuko wote pamoja na tezi za jirani, na utumbo huunganishwa upya. Aliyeondolewa mfuko wote huhitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Ugonjwa ukiwa umesambaa, daktari huweza tu kufungua njia ya chakula kupita. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walipochunguza wagonjwa 232 wa saratani hii, katika taarifa ya mwaka 2012, walikuta zaidi ya tisa katika kila kumi walifika wakiwa wamechelewa.

Mzee wetu alikatwa sehemu kubwa ya mfuko. Sasa anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Chai ya sukari nyingi ameiacha, kwani humtoa jasho na kumwendesha moyo mbio. Kliniki bado anahudhuria. Hajaambiwa kwamba amepona.