Mtu wa Nyumbani Katika Zama za Mtandao

Wapo watu ambao jioni njema kwao ni ile isiyo na mgeni wala safari. Hawaumwi, hawana huzuni, wala hawajagombana na mtu. Wakitoka kazini hutamani kufunga mlango, kula, kusoma au kutazama filamu, na kuzungumza na mtu mmoja au wawili waliowazoea. Wanasaikolojia huwaweka watu hawa, wakimya, upande mmoja wa mstari mrefu. Upande wa pili wako wachangamfu, wanaopata nguvu penye watu wengi, na walio wengi wamo mahali fulani katikati. Aliyeueneza mgawanyo huo ni Carl Jung, daktari wa Uswisi, katika kitabu chake kuhusu aina za tabia kilichotoka mwaka 1921. Kwa Jung, mchangamfu huelekeza nguvu za nafsi yake nje, kwa watu na mambo, na mkimya huzirudisha ndani, kwenye mawazo yake mwenyewe.

Tabia hii huchanganywa na aibu, na si kitu kimoja. Mwenye aibu anatamani kukaa na wenzake ila anaogopa watamwonaje. Mkimya anaweza kusimama jukwaani na kuhutubia bila kutetemeka, lakini baada ya saa mbili za sherehe amechoka na anatafuta pa kutokea. Wala si upweke. Upweke ni maumivu ya kuwakosa watu unaowahitaji, na unaweza kumpata hata aliyekaa katikati ya ukumbi uliojaa.

Chanzo chake kimetafutwa mwilini kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi London, alidai kwamba ubongo wa mkimya huwa macho zaidi tangu mwanzo, hivyo kelele na maneno mengi huuchosha mapema. Yeye na mkewe Sybil walipima hata mate: watu walidondoshewa maji ya limau kwenye ulimi, na wakimya kwa wastani wakatoa mate mengi kuliko wachangamfu. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu hapo. Watafiti wa leo huutazama zaidi ubongo wa mchangamfu, unaoonekana kuvutwa kwa nguvu na sifa, ushindi na sura mpya. Huko Marekani, Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wachanga wa miezi minne vitu vinavyoning'inia na kuwasikilizisha sauti ngeni. Karibu mmoja kati ya watano alirusha miguu na kulia, na wengi katika hao walikua wakiwa waangalifu na wazito kuzoea wageni. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili hutokana na urithi. Anayemwambia kijana wake ajichangamshe, basi, anashindana kwa sehemu na maumbile.

Afrika Mashariki, shinikizo la kujichangamsha ni kubwa. Mgeni hupiga hodi bila taarifa na hutarajia kukaribishwa kwa furaha. Asiyetokea msibani hujadiliwa: anaringa, ana roho mbaya, au ana mambo yake ya siri. Hata hivyo, wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilifikiria jambo hili mapema. Mlangoni mwa nyumba hizo kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza za mawe, ambapo mwenye nyumba huketi na mgeni wa kawaida. Baada yake kuna uwanja wa ndani, kisha misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, na nyuma zaidi chumba kinachoitwa ndani, wasikofika ila wenyewe. Kila hatua kuelekea nyuma inapunguza idadi ya wanaoruhusiwa. Mtu wa pwani angeweza kuwa mkarimu kutwa nzima na bado akabaki na faragha yake.

Simu haina daka. Inampitisha kila mtu moja kwa moja hadi chumba cha nyuma.

Mwanzoni haikuonekana hivyo. Mtandao ulipoingia, watu wa nyumbani waliona umetengenezwa kwa ajili yao. Kuandika kunampa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo mazungumzo ya ana kwa ana hayampi. Kuanzia mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza Kenya, rambirambi na mchango vingeweza kutumwa bila kupanda basi. Chakula kinaletwa na bodaboda, kazi nyingine zinafanyika mezani nyumbani, na anayependa jambo lisilo na wapenzi mtaani kwake, iwe chesi, ushairi wa zamani au kufuga nyuki, anapata wenzake walio Kisumu, Bujumbura na Muscat. Kwa mtu ambaye mazungumzo ya juujuu humchosha na ya kina humburudisha, hiyo ni faida ya kweli.

Lakini je, inamfaidi zaidi kuliko mchangamfu? Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitangaza matokeo ya kufuatilia familia za Pittsburgh zilizopewa kompyuta na intaneti kwa mara ya kwanza. Waliotumia mtandao zaidi walipunguza kidogo mazungumzo na familia zao, na upweke wao ukapanda kidogo. Habari hiyo ilizua kelele nyingi. Kraut aliporudi kwa watu wale wale baadaye, madhara mengi yalikuwa yamefifia. Kundi jipya alilolichunguza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, lilionyesha jambo la kuvutia zaidi: wachangamfu na wenye watu wengi wa kuwategemea walinufaika na mtandao, na wakimya wasio na watu hawakunufaika. Mwenye nacho akaongezewa. Utafiti huo ni wa kabla ya simu janja, na majibu ya siku hizi yanatofautiana, lakini ulivunja dhana kwamba mtandao ungemtafutia mkimya marafiki bila yeye kujishughulisha.

Mzigo unaomwelemea hasa ni makundi. Chukua kundi la harusi. Mtu anaamka na kukuta ameingizwa kwenye kamati ya watu mia na zaidi, nusu yao hawajui. Kufika saa nne asubuhi kuna ujumbe themanini: picha za maua na jua linalochomoza, dua, vibandiko vya kucheka, ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mjomba. Kisha inakuja orodha ya ahadi, inayonakiliwa na kubandikwa upya kila anapoongezeka mtu, jina kwa jina, na pembeni mwa waliolipa tiki ya kijani. Mbele ya jina lake hapana kitu. Mweka hazina anaandika, "Wapendwa, tukumbushane, siku zimekwisha." Akijibu, watamjibu kumi. Akinyamaza, watasema kauchuna.

Hapo ndipo ukimya ulipopata ushahidi. Mwezi Novemba 2014 WhatsApp ilianza kuonyesha tiki za bluu kwa ujumbe uliosomwa. Zamani mtu aliyechelewa kujibu barua hakuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyejua ilifika lini. Sasa anayetuma anaona dakika ambayo ujumbe wake ulifunguliwa, na kutojibu kunahesabika kuwa kauli. Alama hizo zinaweza kuzimwa katika mazungumzo ya watu wawili, ingawa anayezizima naye haoni za wenzake. Ndani ya kundi hazizimiki.

Mikutano ya video ilileta uchovu wa aina nyingine. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza sababu zake: nyuso kubwa zinazotazama kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe kama kwenye kioo, kukaa mahali pamoja bila kusogea, na kazi ya ziada ya kusoma ishara ambazo skrini huzipunguza. Katika uchunguzi wa Stanford uliohusisha watu zaidi ya 10,000, wanawake walichoka kuliko wanaume, na wakimya kuliko wachangamfu. Ofisi zilizodhani zimewapumzisha wakimya kwa kuwaacha wafanye kazi nyumbani, kisha zikawajazia siku kwa vikao vya video, zilitoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Iko pia hatari iliyo kinyume. Nyumba yenye bando, chakula cha kuletewa na filamu zisizoisha inaweza kumfanya mtu asitoke tena. Japani imelijua tatizo hili kwa miongo kadhaa. Daktari wa magonjwa ya akili Saito Tamaki aliliandikia kitabu mwaka 1998, akiwaeleza watu waliojifungia kwa miezi sita na zaidi bila shule, kazi wala marafiki. Huko wanaitwa hikikomori, na makadirio ya serikali yaliyotolewa mwaka 2023 yalifikia watu milioni 1.46 wenye umri wa miaka 15 hadi 64. Hiyo si tabia ya mtu wa nyumbani iliyozidi kipimo. Wengi wao walisukumwa na matatizo ya shule, kupoteza kazi au ugonjwa, na chumba kikawa kimbilio lisilo na njia ya kutokea.

Tofauti kubwa iko kwenye hiari. Mwanasaikolojia Thuy-vy Nguyen na wenzake walichapisha mwaka 2018 majaribio ambamo watu walikaa peke yao kwa dakika 15. Msisimko ulishuka, wa furaha na wa wasiwasi vilevile, na waliojichagulia kukaa hivyo walitulia zaidi. Kukaa peke yako kwa kupenda kunapumzisha. Kukaa peke yako kwa kukosa mtu kunaumiza, na maumivu hayo hayaishii moyoni: uchambuzi wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake wa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148, uliwakuta wenye mahusiano imara na nafasi ya kubaki hai iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke. Lakini kuwa imara si sawa na kuwa mengi.

Kwa hiyo kazi ya mtu wa nyumbani ni kuijengea simu yake daka. Tangu mwaka 2019 WhatsApp inamruhusu mtumiaji kuamua nani anaweza kumwingiza kwenye kundi, na tangu 2022 kutoka kimyakimya bila kundi zima kutangaziwa. Kundi la harusi linaweza kunyamazishwa, likafunguliwa mara moja jioni, mchango ukalipwa mapema na jina likawekewa tiki. Kulipa mapema hununua ukimya mwingi kuliko udhuru wowote. Wengine huwaambia ndugu waziwazi: nitumieni ujumbe kwanza, nitapiga nikiwa tayari. Ndugu hununa wiki ya kwanza, kisha huzoea.

Kujilazimisha kuwa mtu mwingine si dawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti wa Melbourne, Australia, waliwaomba watu wajichangamshe kwa wiki nzima. Kwa ujumla walijisikia vizuri, isipokuwa waliokuwa wakimya sana, ambao furaha yao haikuongezeka vile, wakachoka na kujiona wanaigiza. Bado yapo mambo machache ambayo simu haiyamalizi: jirani aliyefiwa, mgonjwa aliyelazwa, mzee asiyejua kusoma ujumbe. Hayo yanataka miguu, na mtu wa nyumbani aliyeokoa nguvu zake kwenye makundi anazo za kwendea huko. Nao wenye ndugu wa namna hii wasiuchukulie ukimya wake kuwa dharau. Wamwangalie anafika kwa nani na anafika lini.