Kwa nini mashine imekataa neno "toto"?

Leo naongea na nyie mnaojifunza kuandika programu huku mkilipia kompyuta kwa saa.

Juzi dogo mmoja wa kwetu Mgeta kaandika programu ya Python ya kujumlisha watoto waliopimwa uzito kliniki. Majibu safi kabisa. Akaipitisha kwenye Pylint, ikamgomea: jina "toto" haliruhusiwi! Dogo akaanza kubadili majina yote yawe ya Kiingereza. Eti kosa ni Kiswahili.

Ngoja nieleze. Pylint haihakikishi kama jumla yako ni sahihi. Kazi yake kubwa ni kukagua unadhifu wa kodi (siyo ile ya TRA jamani!): mstari mrefu mno, nafasi zisizo sawa, kitu ulichokiweka halafu hukukitumia. Mwishoni inatoa alama juu ya 10, na ukivuruga sana unashuka hadi sifuri.

Ukaguzi huu ni wa zamani. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs, Marekani, alieleza programu yake ya kukagua lugha ya C, akaiita lint, yaani vile vinyuzi vinavyonata kwenye nguo. Mwaka 2001 Python ikapata mwongozo wake, PEP 8: sogeza ndani nafasi 4, mstari usizidi herufi 79.

Kuna faida gani? Angalia matuta ya huku milimani. Bila matuta kabichi inaota, ila mvua ikija udongo unashuka bondeni. Kodi chafu nayo leo inafanya kazi, mwezi ujao hata mwenyewe huielewi.

Sasa "toto" kosa lake nini? Pylint ilianzia Logilab, kampuni ya Ufaransa. Kule "toto", "tutu" na "tata" ni majina ya kujazia tu, kama sisi tunavyosema "nanihii". Wakayapiga marufuku. Mashine haijui kwamba kwetu toto ni mtoto!

Dawa ipo: kwenye faili la .pylintrc, panga upya orodha ya bad-names bila "toto". Au andika idadi_ya_watoto, inaeleweka zaidi.

Kwa hiyo mashine ikusaidie kufagia, lakini maana ni yako. Ukiandika zzz_bbb inaweza kupita kimya!

Wewe je, imeshakukatalia neno gani? Tiririka hapo chini.