Askari Aliyerudi Vitani Katika Picha za Sinema za Gharama Ndogo

Katika Marekani, tangu miaka ya 1960 hata miaka ya 1980, zilitengenezwa picha nyingi za sinema kwa fedha kidogo na kwa haraka, ili kuvuta watazamaji kwa damu na vitisho. Twaweza kuziita picha za chumo, kwa kuwa kusudi lake la kwanza lilikuwa ni fedha ya mlangoni. Wengi walizidharau. Walakini baadhi yake zilimshughulikia mtu ambaye hapo kwanza kampuni kubwa zilisita kumwonyesha: askari aliyerudi kutoka Vietnam hali akili yake imejeruhiwa.

Mfano wa mapema ni *Motorpsycho* ya Russ Meyer, ya mwaka 1965. Humo askari wa zamani aongoza genge la wapanda pikipiki, naye ni mwovu tu. Jeraha lake ni kisingizio cha ukatili.

*Deathdream* ya Bob Clark, iliyoandikwa na Alan Ormsby na kuonyeshwa mwaka 1974, yapita hapo. Hadithi yake yafuata wazo la "The Monkey's Paw", kisa cha W. W. Jacobs cha mwaka 1902. Mama amwomba mwanawe asife. Naye, japo ameuawa vitani, afika nyumbani usiku. Kijana hali, wala hana maneno mengi. Aishi kwa damu ya watu, aitiayo mwilini kwa sindano. Baba atambua kuwa pana jambo, mama akataa kuona. Sisi twasema "amerudi", na kiambishi -me- chatueleza kwamba tendo limetimia na hali yake yadumu. Picha hii yauliza kama tendo hilo limetimia kweli, au ni mwili tu uliofika.

Yafaa kukumbuka kwamba wakati huo maradhi haya hayakuwa na jina rasmi. Tangu mwaka 1915 madaktari wa Uingereza walikuwa wameandika juu ya mshtuko wa makombora, lakini ni mwaka 1980 tu ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipoyatia katika kitabu chake cha kuainisha magonjwa maradhi yafuatayo mshtuko mkuu. Kabla ya hapo, mzuka ulitumika badala ya istilahi.

*Combat Shock* ya Buddy Giovinazzo, iliyopigwa katika Staten Island na kuenezwa na kampuni ya Troma mwaka 1986, haina mzuka. Ina mtu asiye na kazi, deni, mtoto mwenye kilema, na mwisho wa mauaji nyumbani.

Hapa pana hatari isiyofichika. Picha zilizomwona mgonjwa pale alipopuuzwa ndizo pia zilizowafundisha watazamaji kumwogopa kila askari wa zamani kama muuaji, ingawa wengi waliishi kwa amani na jirani zao. Kwa hiyo yatupasa kuzisoma kwa mizani: tukubali ushuhuda wake juu ya maumivu, tukatae hukumu yake juu ya watu.