Jumba Lina Mlinzi, Fundi Hana

Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, nyumba haiguswi ovyo. Mji huo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Anayetaka kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa hana budi kuomba kibali. Kwa upande huo mpango umezaa matunda: majumba mengi ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko yangali yamesimama.

Lakini nani anamlinda anayepanda kuyatengeneza? Jukwaa lake aghalabu ni boriti zilizofungwa kwa kamba, na ubao wa kukanyagia usio na kizuizi kando. Vichochoro ni vyembamba na punda wa mizigo lazima wapite, kwa hiyo jukwaa hubanwa ukutani, miguu yake ikikosa nafasi ya kutanuka. Darini nako, boriti iliyoliwa na mchwa huonekana nzima mpaka siku itakapokanyagwa.

Sheria haikosekani. Mwaka 2007 Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pamoja na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini. Hii ya pili inamtaka mwajiri akate bima, inatambua hata mkataba wa mdomo, na ulemavu kamili wa kudumu inaufidia kwa mapato ya miezi 96.

Inapokwama ni kwenye neno mwajiri. Mwenye nyumba, pengine anayeishi Mombasa au Ulaya, humwachia kazi msimamizi. Msimamizi humwita fundi. Fundi hutafuta vibarua wa siku. Kibarua akianguka, kila mmoja humsukumia mwenzake. Jamaa huanza kuchanga, na majeruhi mahututi huvushwa kwa boti hadi Mokowe kabla ya safari ndefu ya barabara kuanza.

Hapahitajiki ofisi mpya. Kibali cha ukarabati kinachojali chokaa na boriti kidai pia jina la mwajiri na hati ya bima. Anayekuja kukagua ukuta akague na jukwaa. Nawe mwenye nyumba, usingoje mkaguzi: kamba mpya, mbao imara na kizuizi cha kando havifikii bei ya mlango wako wa kuchonga. Vilipie kabla fundi hajapanda.